Kidonge Kabla ya Saa Nne

Sehemu ya sita

Tulipoachana wiki iliyopita nilikuwa nimesimama mbele ya watu thelathini, wananipigia makofi, na mfukoni mwa shati langu zilikuwamo chembe za mkate niliokula alfajiri ile ile.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni mwoka mikate. Mke wangu alikuwa fundi wa mapazia. Sukari ilimpata yeye kwanza, mimi ikanifuata mwaka mmoja baadaye. Kliniki yetu ilikuwa na kikundi cha watu wanaokula ndani ya saa nane tu kwa siku. Tonge la kwanza saa nne asubuhi, la mwisho kabla ya saa kumi na mbili jioni, baada ya hapo ni maji matupu mpaka kesho. Tulijiunga wote wawili. Yeye alifuata. Mimi niliandika kwenye daftari kwamba nafuata.

Mke wangu hayupo tena. Hilo nimelisema tangu mwanzo, sitaki kumchezea msomaji. Jinsi alivyoondoka nitaifikia mahali pake. Naandika nisije nikasahau, na zaidi nisije nikajikumbuka kuwa mtu mwema kuliko nilivyokuwa.

Sasa, yale makofi.

Kikundi kilikutana mara moja kwa mwezi. Kila mtu alisoma daftari lake kwa sauti, saa ya tonge la kwanza na saa ya tonge la mwisho, kisha nesi akamchoma kidole kumpima sukari. Mke wangu alikuwa ameshuka kutoka kumi na tatu mpaka saba na nukta kidogo. Sketi zake zote alikuwa amezipunguza kiunoni kwa mkono wake mwenyewe.

"Soma, Bwana Unga," nesi akaniambia. Jina hilo alinipa mke wangu nyumbani, kikundi kikalidaka.

Nikasoma. Jumatatu, saa nne na dakika tano. Jumanne, saa nne kamili. Jumatano, saa nne na robo, kazi zilikuwa nyingi. Ile robo niliiweka ili uongo uwe na jasho kidogo.

Nesi akanichoma. Akatazama mashine, akaipangusa, akatazama tena.

"Kumi na nne," akasema. "Mwezi uliopita ulikuwa kumi na mbili."

Mzee mmoja mtengeneza baiskeli, mtu wa utani, akasema, "Huyu sukari yake inapitia mlango wa nyuma."

Wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Hapo ndipo ningesema. Yule mzee alikuwa ameshanifungulia njia, kilichobaki ni kuitikia tu. Ningesema, ni kweli mzee wangu, na mlango wenyewe ni huu hapa, nikaonyesha mdomo. Wangecheka tena na mambo yangeishia pale.

Lakini nesi akanitetea.

"Msimcheke. Miili haifanani," akasema. "Kula kwa saa kunawasaidia wengi. Tumbo linapumzika, uzito unapungua, sukari na presha vinatulia. Lakini si wote, na si kwa kiasi kimoja. Wengine mwili unakataa, hata wafanye nini. Mwenzenu hajakosa siku hata moja. Mpigieni makofi kwa juhudi."

Wakapiga. Mke wangu naye alipiga, polepole, huku ananitazama.

Kutoka pale nikapelekwa kwa daktari. Akasoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa, akatikisa kichwa kwa huruma, akaniandikia vidonge.

"Hivi si kama vya mkeo," akasema. "Vya mkeo ni vya upole. Hivi vinalisukuma kongosho litoe insulini, chakula kiwepo kisiwepo. Kwa hiyo usimeze tumbo likiwa tupu. Unameza saa nne, unakula papo hapo. Na kimoja kinafanya kazi mwilini siku nzima, na zaidi kidogo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, daktari."

Sikumeza hata kimoja. Nimeze ya nini? Ugonjwa wangu nilikuwa naujua kwa jina na kwa bei ya jumla. Nilikiweka kile kipakiti kwenye droo ya soksi.

Labda mtu ananiuliza, mkate unaliwaje kwa siri katika chumba chenye watu sita? Si kwa siri. Ndiyo kazi. Kila tanuri likifunguliwa, mwokaji anavunja mkate wa kwanza. Anautazama ndani, anaubonyeza, anautafuna kidogo aujue chumvi na hamira. Msimamizi wetu alikuwa anatafuna na kutema kwenye ndoo, miaka ishirini. Mimi nilimwambia nesi kwamba na mimi natema.

Siku za kwanza nilitema kweli. Kisha nikaona kutema chakula ni kama kukitukana, nikameza. Kisha matanuri yakawa manne kwa asubuhi, na mimi nikawa na kisu kidogo na kopo la siagi nyuma ya magunia.

"Kaka, wewe unaonja au unakula?" mkandaji wetu aliniuliza siku moja.

"Naonja."

"Umeonja nusu mkate. Na siagi nayo inaonjwa?"

"Naangalia kama inakubaliana na mkate."

"Basi ipe na chai, isije ikalalamika," akasema, akarudi kwenye donge lake. Nilimtukana kimoyomoyo, kisha nikajimiminia chai kweli.

Nyumbani mke wangu aliniuliza swali moja tu kuhusu vidonge.

"Mbona sikuoni ukimeza?"

"Nameza nikiamka, kabla ya kwenda kazini. Wewe unakuwa umelala."

"Daktari amesema nikiamka?"

"Ndiyo, nikiamka."

Namwomba msomaji aushike uongo huu mmoja. Ndio uliozaa mengine yote.

Ilikuwa Jumatano jioni, wiki mbili baada ya makofi. Mke wangu alirudi kutoka kliniki na mkoba mtupu.

"Vidonge vyangu vimeisha na kwao vimeisha. Wamesema nirudi Jumatatu."

"Tumia vyangu."

"Na wewe je?"

"Walinipa pakiti mbili."

Akakaa kitandani, akavua viatu. "Ni sawasawa na vyangu?"

"Si vyote ni vya sukari? Vyangu vina nguvu tu."

"Vinamezwaje?"

Maneno ya daktari yalikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Saa nne, na chakula papo hapo. Lakini ningeyasema, angeniuliza mbona mimi nameza nikiamka. Na ningejibu nini?

"Kama mimi," nikasema. "Ukiamka."

Nikaenda kwenye droo nikamletea.

Alhamisi alimeza saa kumi na mbili asubuhi, akasubiri mpaka saa nne ndipo akala. Alirudi kutoka kazini kichwa kinamgonga. Alisema ni rangi ya vitambaa vipya, vinanuka. Nikakubaliana naye. Nilikubaliana naye haraka sana.

Ijumaa akameza tena.

Yaliyotokea kwenye karakana yao alinisimulia mwenzake wa mashine ya pili, mama mmoja mpole wanayemwita Mama Pindo, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mkono wa kukunja pindo. Alinisimulia kwenye benchi la hospitali, huku ameshika viatu vya mke wangu.

"Ilipofika saa tatu alianza kutetemeka," akasema. "Nikamwambia, fundi, kunywa chai, nimeshaitia sukari. Akasema, bado saa nzima. Nikamwambia, hiyo saa yako itakuangusha. Akacheka, akaniambia wewe huna nidhamu ndiyo maana pindo zako zinapanda na kushuka."

"Akakataa chai?"

"Akakataa, shemeji. Aliisogeza pembeni kwa adabu kabisa. Baada ya muda akachukua mkasi, akalikata pazia la mteja katikati. Kwa upana. Pazia la sebule, limeshatiwa ndoana zote. Nikamuuliza, fundi, unakata nini? Akasema, nakata mkate. Tukacheka wote. Tulijua anakutania wewe." Akavigeuza vile viatu mkononi. "Kisha akateleza chini ya mashine kama kitambaa kilichodondoka."

Simu ilinikuta kazini. Msimamizi ndiye aliyenipa. Nilisema "Ndiyo?" na mdomo ukiwa umejaa, nikalazimika kutafuna kwanza ndipo niweze kuuliza ni hospitali gani.

Nilipofika walikuwa wameshamwekea dripu. Sukari yake ilikuwa mbili na nukta moja. Lakini kufikia saa tano alikuwa amefungua macho, amejua yuko wapi, na ameanza kumuulizia mteja wa lile pazia.

Mama mkwe wangu alikuwa amefika kabla yangu. Ni mwanamke mrefu, mfupi wa maneno, aliyenipa binti yake bila furaha. Miaka kumi na tisa nilihangaika anipende, na kilichokuja kunisaidia ni hiki kikundi cha saa nane. Alipoona mkwe wake anashinda na njaa kwa ajili ya binti yake, moyo ulimlainika. Siku ile alisimama upande wa pili wa kitanda akamwambia daktari mgeni tusiyemjua:

"Huyu hapa ndiye anayemwangalia. Anafunga naye, saa kwa saa. Niambie, daktari, wanaume wangapi wangefanya hivyo?"

Daktari akanitazama kwa heshima. Alikuwa kijana, amevaa miwani inayoteleza.

"Hongera, baba. Nisaidie basi kitu kimoja, maana hapa pananichanganya." Akaonyesha kadi ya mke wangu. "Dawa hii anayotumia haimshushi mtu namna hii, hata akikaa na njaa. Kuna dawa nyingine yoyote alimeza? Ya hospitali, ya dukani, ya mtu mwingine?"

Nikaitazama ile dripu.

"Nauliza kwa sababu ziko dawa za sukari zinazokaa mwilini muda mrefu," akaendelea. "Hapa tunampandisha, tunafurahi, anakwenda nyumbani. Jioni dawa inamvuta tena chini, na safari hii amelala, hakuna anayemwona. Kama ni hizo, simruhusu. Anabaki hapa mpaka kesho, tunampima kila saa. Kama si hizo, basi ni njaa na uchovu, anaweza kwenda akapumzike."

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Daktari alikuwa ameniwekea kila kitu mezani, kilichobaki ni mimi kusema neno "ndiyo".

Nikamtazama mama mkwe. Alikuwa bado ana ule uso wa kunisifia, haujakunjamana.

Nilivuta pumzi. Naapa niliivuta. Lakini mkono wa mke wangu, ule usio na sindano, ukanishika kidole gumba ukakibana.

"Hapana, daktari," akasema. "Vyangu tu. Nilichelewa kula jana, nikachoka. Ni uzembe wangu."

"Una hakika, mama?"

"Nina hakika."

Daktari akanigeukia mimi. Alinigeukia kabisa, na miwani akaipandisha. Nikainamisha kichwa kama mtu anayekubali. Akaandika.

Kwenye gari la kukodi mama mkwe alikaa mbele na dereva. Sisi tulikaa nyuma. Mke wangu aliegemea bega langu akasema taratibu, mama yake asisikie.

"Ninayefua makoti yako ya kazini ni mimi, Bwana Unga."

Nikatazama dirishani.

"Mwaka mzima nakung'uta chembe za mkate mfukoni kabla sijaloweka. Na siagi. Siagi haitoki kwa maji ya baridi, ulijua?"

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja useme wewe." Akavuta pumzi. "Na pakiti uliyonipa ilikuwa haijafunguliwa. Pakiti mbili za wapi?"

"Basi mbona umemficha daktari?"

"Mama alikuwa pale. Ndiyo kwanza ameanza kukuita mkwe wangu." Akafumba macho. "Utamwambia mwenyewe. Si lazima leo. Leo nimechoka."

Nilimwambia, "Daktari amesema zile dawa zinakaa mwilini."

"Nimemsikia. Mimi si mzima? Unaniona sina nguvu?"

Ningeweza kumwambia dereva ageuze. Barabara ilikuwa tupu, mchana kweupe, hospitali haijawa mbali hata kilomita mbili. Dereva alikuwa anamsimulia mama mkwe habari za tairi. Nilisubiri amalize habari ya tairi. Alipomaliza tulikuwa tumefika.

Nyumbani mke wangu alikula kidogo saa saba, akasema mdomo hauna ladha. Saa tisa akaingia kulala. Mama mkwe akaweka kiti mlangoni mwa chumba, akaleta kapu la nguo zilizokauka, akaanza kuzikunja.

Mimi nilikaa sebuleni nikihesabu kwa vidole. Alimeza saa kumi na mbili asubuhi. Siku nzima, na zaidi kidogo. Hiyo ni mpaka kesho asubuhi. Nilihesabu tena nikianzia kidole kingine, kana kwamba jibu lingebadilika.

Nilijiambia, amekula. Nilijiambia, dripu ilikuwa ya kutosha. Nilijiambia daktari ni kijana, vijana wanatishia watu. Kila nilichojiambia nilikuwa nimeshawahi kujiambia kwenye tanuri, kwa sauti hiyo hiyo.

Saa kumi na moja jioni nilinyanyuka nikachungulia juu ya bega la mama mkwe. Mke wangu alikuwa amelala kifudifudi. Gauni lake la kulalia lilikuwa limelowa mgongoni, limegandamana na mwili, na chumba hakikuwa na joto.

Nilikwenda jikoni nikakoroga sukari kwenye glasi ya maji, vijiko vitano. Nikarudi.

Mama mkwe hakuondoa kiti.

"Mwache alale, mkwe wangu. Hujachoka kumtazama?"

"Nataka anywe kitu, mama."

"Atakunywa akiamka. Kwanza hiyo ni sukari. Mgonjwa wa sukari unampa sukari?" Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekuzoea. "Na ana saa moja bado kabla ya wakati wenu wa kufunga. Sheria zenu unazijua wewe kuliko mimi."

"Leo hakuna sheria, mama."

Akaacha kucheka. Mkononi alikuwa na shuka, ameikunja nusu.

"Vidonge alivyomeza jana na leo si vyake," nikasema. "Ni vyangu. Nilimpa mimi. Ni vile alivyosema daktari, vinavyokaa mwilini."

"Daktari aliuliza. Nilikuwepo."

"Aliuliza."

"Binti yangu akasema hakuna."

"Alikuwa ananifichia."

"Akufichie nini?"

"Vidonge nilikuwa simezi. Na kufunga nilikuwa sifungi. Nakula mkate kazini kila asubuhi, tangu mwezi wa kwanza wa kikundi."

Nilitegemea anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na nadhani ningefurahi. Yeye alinitazama tu, kwa ule uso wa miaka kumi na tisa iliyopita, siku niliyokwenda kujitambulisha kwao.

"Na haya uliyajua pale hospitali?"

"Niliyajua."

"Wakati mimi nakusifu."

"Ndiyo, mama."

"Ukakaa nayo mpaka saa hizi."

Akamaliza kuikunja ile shuka, kona kwa kona, akaiweka kapuni. Akasimama, akakisogeza kiti kwa mguu, akaingia.

Alipiga goti kando ya kitanda akamwita binti yake kwa jina la utotoni, jina ambalo mimi sikuwahi kulisikia katika miaka yote ile. Akangoja. Akaweka mkono juu ya mgongo uliolowa, akamwita tena, safari hii kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto aliye mbali uwanjani.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na glasi yangu. Mke wangu hakugeuka.